Mwalimu Geuka na Mlango Uliofungwa

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Mei 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba yake, fundi viatu. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano. Wadogo zake wanasema aliwafundisha kusoma kwa maandishi ya maboksi ya viatu, na kwamba kofi lilikuwa sehemu ya somo.

Alimaliza sekondari mwaka 1969, akajiunga na chuo cha ualimu akitaka sayansi. Nafasi zilikuwa zimejaa, akapangiwa Kiingereza. Alinuna, kisha akaapa kwamba kama ni Kiingereza, basi kitamkoma.

Mwaka 1973 aliajiriwa katika sekondari ambayo hakuihama hadi alipostaafu mwaka 2011. Somo moja liliwatoa wanafunzi jasho. Sisi tunasema "kufunga", yamekwisha. Kiingereza, baada ya "remember", yaani kukumbuka, kinakutaka uchague "to lock" au "locking", na ukikosea, maana inakwenda kwingine. Mama aliona kukariri hakusaidii, akawasimamisha wote.

"Nakumbuka mlango nilishaufunga. Uko wapi?"

"Nyuma, mwalimu!"

"Basi geuka uutazame: *remember locking*. Sasa nakumbuka natakiwa kuufunga. Uko wapi?"

"Mbele!"

"Nyoosha mkono: *remember to lock*."

Ndipo akaitwa Mwalimu Geuka.

Katika mtihani wa mwisho wa mwaka 1978 swali la somo hilo lilitoka, na darasa zima likageuza shingo. Msimamizi, mwalimu wa hesabu kutoka shule jirani, alidhani wanachunguliana karatasi. Akaandika ripoti ya udanganyifu. Matokeo ya wote yakazuiwa, na Mama akaitwa mbele ya wakaguzi.

"Watoto wako walikuwa wakitazama nini?" aliuliza mkaguzi mkuu.

"Mlango, mzee."

"Mlango upi?"

"Ule walioufunga."

Wakaguzi wakatazamana. Mama alimwomba mkaguzi mkuu asimame, akampa somo lile lile. Mtu mzima na tai yake akageuka, akanyoosha mkono, akageuka tena. Alipoketi akasema taratibu, "Kumbe miaka yote hii nilikuwa nabahatisha." Karatasi zikapitiwa upya, ikaonekana kila mtoto amekosea kivyake. Matokeo yakatolewa, na wengine wa darasa lile, wenye mvi sasa, wameketi hapa leo.

Msimamizi alimfuata Mama hadi nje, uso umemshuka.

"Mwalimu, nimekukosea. Nifanyeje?"

"Uje ujifunze."

Alikuja. Alikuja hata siku zisizo na somo. Walifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1980, na huyo ndiye baba yetu. Baba hukosea kanuni ile mpaka leo. Anasema angeipatia mapema, angekosa sababu ya kuketi karibu naye. Walijaliwa watoto watatu, na meza yetu ya chakula haikuwahi kukosa chaki.

Mwaka 2019 Mama aligundulika kuwa na maradhi ya moyo. Daktari alimkataza kuongea sana. Mama alilijadili naye katazo hilo mpaka zamu ya daktari ikaisha. Mwezi uliopita alilazwa, na hata wodini alimsahihisha Kiingereza binti fundi cherehani wa kitanda cha pili, aliyekuwa akijiandaa kwa usaili wa kazi. Juzi binti huyo alipiga simu: kazi ameipata. Mama hakuwahi kusikia. Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Septemba 2023, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Baba.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, wadogo zake wawili, na wanafunzi waliotapakaa kila ofisi, kila duka na kila karakana ya mji huu.

Kazi ya kusoma wasifu huu alinipa mwenyewe, mimi kitinda mimba wake. "Usiwachoshe watu kwa sifa," aliniambia. "Simama wima, paza sauti mpaka wa nyuma asikie, halafu kaa."

Nikamwuliza, "Na nikilia, Mama?"

"Meza mate uendelee. Nani atakukata alama?"

Natumaini wa nyuma mmesikia. Pumzika kwa amani, Mama. Nakaa.