Gia Tatu, Dereva Aliyenuswa Mlangoni Miaka Kumi na Mmoja

Ndugu mliokaa, mliosimama, na ninyi wa kule nyuma mnaonong'ona huku mmeziba midomo kwa viganja, familia inaomba masikio yenu, kwani mnalonong'ona tunalijua na jibu lake limo humu katika wasifu wa marehemu, na anayelisoma ni dada mkubwa wa marehemu, huyu aliyesimama mbele yenu.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Gia Tatu, alizaliwa tarehe 2 Mei 1974 katika hospitali inayotazamana na kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa mpiga chapa na mkunga, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1982 hadi 1988, akaonja sekondari miaka miwili na kuiacha, akimwambia dada yake kwamba vitabu vinamtazama vibaya. Tarehe 1 Februari 1995 aliajiriwa na kiwanda cha mikate kuendesha lori la usambazaji, na wenzake wakampa jina hilo kwa kuwa hakupenda kuvuka gia ya tatu, akidai mikate ikiminyana haiuziki. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na fundi cherehani mwenye meza yake mkabala na soko, wakajaliwa mabinti wawili, wa mwaka 2000 na wa mwaka 2004.

Hatutaficha, marehemu alikuwa mnywaji. Alianza na chupa moja ya kuondoa uchovu, zikafuata nyingine zisizo na sababu, na Jumamosi tarehe 9 Juni 2012, saa tatu asubuhi, alilibamiza lori kwenye ukuta wa duka la vioo, kwa mwendo wake uleule, hakuumia mtu, lakini kipimo cha pumzi cha trafiki kilionyesha mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa. Mahakama ilimfungia leseni miaka miwili, ikaagiza achunguzwe ulevi wake na kutibiwa. Mshauri nasaha alimuuliza anakunywa chupa ngapi kwa siku, akajibu mbili, kisha dada akaulizwa peke yake chumba cha pili, akajibu kwamba mbili ni za kabla ya chai. Basi alihudhuria matibabu miezi tisa, kila Jumanne na Ijumaa, akikaa na madereva wenzake kwenye duara la viti vya plastiki, akipimwa mkojo bila taarifa, na kila wiki ndugu mmoja akitakiwa kutia saini fomu kwamba hakumwona amelewa wala hakumsikia harufu. Mkewe alikuwa amewachukua mabinti na kwenda kwa mama yake, hivyo saini ilikuwa ya dada, aliyekuwa akiishi naye.

Matibabu yalimkubali, pombe hakuigusa tena, kiwanda kikampokea, na mkewe akarudi tarehe 3 Agosti 2014. Aliyekataa kupona ni dada, maana fomu zilipoisha alinunua daftari lake mwenyewe, akawa anafungua chupa ya chai ya mdogo wake na kunusa, ananusa kola za mashati kabla hayajafuliwa, anampigia simu msimamizi wa gereji ya kiwanda eti kumsalimia, na peremende ikionekana mfukoni ilikuwa kesi ya siku mbili. Marehemu alizoea, akifika mlangoni anainama mwenyewe na kuachama kama yuko kwa daktari wa meno, akimkaribisha afisa akague, na nyumba nzima ilicheka isipokuwa dada.

Januari mwaka huu wa 2024 daftari liliandika kwamba anakonda, anamaliza jagi la maji kwa mkupuo, na pumzi yake ina harufu tamu kama ya matunda yaliyoanza kuchacha, na dada akahitimisha kuwa amepata kinywaji kipya. Jumamosi tarehe 17 Februari, saa nne asubuhi, msimamizi wa gereji alimwona anayumba, akamnyang'anya ufunguo wa lori na kumrudisha nyumbani, ambako alitapika mlangoni na maneno yakawa yanamkwama. Dada alimnusa, akakumbuka mafunzo ya mshauri kwamba mlevi habishaniwi, bali hulazwa, akamlaza, na la kufunga mlango kwa nje aliliongeza yeye. Marehemu aligonga, akasema anaumwa, akasema hajanywa, na dada akamjibu kwamba wimbo huo anaujua wote.

Mkewe alirudi saa nane mchana, akafungua, akamkuta hajitambui. Daktari alisema ni kisukari, na ile harufu ni ya kisukari, na damu yake haina hata tone la pombe. Dada hakuamini, alishuku daktari anaisitiri familia, akadai kipimo kirudiwe, na muuguzi akamletea karatasi ya pili, sifuri vilevile. Miaka yote hiyo tulimpima, na kila mmoja wetu alikuwa anatafuta kitu kimoja tu. Alifariki Jumatatu tarehe 19 Februari, saa moja asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliombeba hadi kwenye gari bila kuuliza, na waliouliza pia, wafanyakazi wenzake, ambao walidhani kama tulivyodhani, na mjane, ambaye tangu Jumamosi hajamsemesha dada, na ana haki.

Pumzika kwa amani, mdogo wangu, hukuwa umelewa.