Macho ya Buluu ya Binti wa Mavumbi

Kama hukuwahi kufika Gehandu enzi za mashamba ya ngano ya serikali, basi hujui kelele ni nini. Kombaini za kuvunia zikishalala jioni, kelele inahamia kwenye benchi la mzee Basili, muuza kahawa wa nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Siku hiyo Hermani, dereva wa kombaini, alifika akakaa bila salamu. Jina lake la pale ni Mavumbi, kwa sababu nywele zake za mbele zilikuwa nyeupe tangu ujana, na benchi zima lilikubaliana kwamba ni vumbi la makapi limemgandia likakataa sabuni. Ila siku hizo alikuwa na lake moyoni. Mkewe Verdiana alimzalia binti mwenye macho ya buluu na kishungi cheupe juu ya paji. Mtoto sasa anakaa mwenyewe, na baba mtu hajampakata hata mara moja.

— Mimi nilishasema, ni mmoja wa wale wazungu mafundi wa mashine! alianza Patriki, aitwaye Redio kwa kuwa hazimiki.

— Mzungu gani wewe? Gidamis alimrukia. Huyu ana ng'ombe wengi na maneno mengi zaidi, wakampa cheo cha Waziri. — Wa mwisho kafungasha virago mwaka juzi. Mimba ya tembo hiyo?

— Basi ile ndege ya kupulizia dawa. Verdiana alikuwa anaokota kuni pembeni ya shamba.

— Mbuzi wangu wako shambani kila siku. Mbona hawana macho ya buluu?

— Mbuzi anatazama majani, Waziri. Verdiana aliitazama ndege!

— Ngoja, ngoja! Gidamis alijipiga paja, kahawa ikamwagika. — Mavumbi, si una kalenda ya matrekta ukutani?

— Ipo. Juu ya kitanda.

— Yule mzungu aliyepanda trekta, macho yake rangi gani?

Hermani aliikumbuka picha.

— Buluu.

— Haya sasa! Miezi tisa mama wa watu anatazamana naye! Kwa nini mtoto asimwige?

Benchi lililipuka. Hata Hermani alicheka, tena kwa nguvu, maana heri kumchukia mtu wa karatasi kuliko kumshuku mke anayempenda. Raha ile ikamfungua mdomo, akajikuta anamsifu mtoto.

— Lakini mpole, jamani! Kile kipande cha reli cha kuitia zamu kinagongwa pale pale dirishani. Sisi tunaruka kitandani, yeye kalala fofofo!

Hapo ndipo alipofika Eufrasia, daktari mgeni wa zahanati, aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba na bado anatetemeka kwa baridi.

— Shikamoo, mzee Basili. Habari zenu, jamani.

— Marahaba, mwanangu. Kunywa ya moto.

Wakamsimulia yote, kalenda na ndege, wote kwa pamoja. Alicheka mpaka machozi. Halafu akamtazama Hermani kichwani, kicheko kikakatika.

— Baba, hizo nyeupe zilianza lini?

— Hizi? Ni vumbi la ngano.

— Mbona Redio anafanya kazi hiyo hiyo na nywele zake ni nyeusi tii?

Redio alijishika kichwa.

— Sikilizeni, alisema Eufrasia, na yeye joto limeshampanda. — Mwilini kuna nyapara, kama wenu anayegonga reli. Yeye halimi. Anaamsha tu: wewe nenda kule, wewe pale. Mtoto akiwa tumboni, anawaita wenye kazi ya rangi waende kwenye nywele na kwenye macho. Nyapara akiwa mlegevu, wengine hawafiki, nywele zinabaki nyeupe na macho buluu. Na akigonga wakati si wake, watu wanafanya kazi bila kupumzika, uvimbe unaota. Wataalamu wamemtambua majuzi tu. Na huwa anarithiwa.

— Kwa nani? Hermani alisimama. — Sema, daktari! Kwa nani?

— Kwa mwenye kichwa kama chako.

— Wangu! Hermani alipiga kelele, akamkumbatia Redio na kikombe chake. — Jamani, ni wangu! Verdiana wangu, maskini!

— Choma kalenda! alipaza sauti Gidamis.

Eufrasia alingoja watulie.

— Wale wenye kazi ya rangi wana kazi nyingine ndani ya sikio. Baba, mtoto anasikia?

Hermani alimkumbuka dada yake Scolastica, asiyesikia tangu utotoni, ambaye ukoo mzima ulisema alizibwa masikio na radi, na macho yake yale ya kijivu ambayo hakuna aliyewahi kuyaulizia. Akaikumbuka reli pale dirishani. Aliona uchungu, na aibu juu yake.

— Sijui, alisema. — Sijawahi hata kumwita.

Alichukua vikombe viwili kwenye trei ya Basili, vile anavyogonganisha mzee kuitia wateja.

— Asikie, asisikie, leo nampakata.

Akaondoka mbio, huku akivigonga, tili tili tili.

— Mzee, utatumiminia kwenye nini sasa? aliuliza Redio.

— Nyamaza wewe, alisema Basili. — Leo kahawa imefungwa.

Wakageukia nyumba za wafanyakazi, wote wametega masikio.