Mama Hatua Anaikabidhi Korido

Baada ya miaka thelathini na minne katika wodi ya mifupa, mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Wagonjwa walimbatiza Mama Hatua, na jina hilo likamganda kuliko lile la kwenye kitambulisho. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwa kuwa nimekaa naye meza moja miaka kumi na tisa. Kamati hiyohiyo ikaniomba nisiguse habari za korido. Nimejaribu, imenishinda. Ni sawa na kuandika habari za mpishi bila kutaja jiko.

Nianze na yale ambayo kila mtu anayajua. Alipoajiriwa, kuwekewa nyonga bandia lilikuwa jambo la kusimuliwa tu. Wagonjwa walikuja wakiwa wameshaaga ndugu zao, na mzee mmoja aligoma mpaka ahakikishiwe kwamba hawekewi mfupa wa marehemu. Mama Hatua ndiye aliyeanzisha darasa la Jumanne, na hakuna anayepasuliwa nyonga hapa bila kulipitia. Mgonjwa huja na ndugu atakayemuuguza. Wanafundishwa kuondoa mikeka inayoteleza, kuinua kitanda kwa matofali, kutafuta kiti kirefu chenye mikono na kuachana na kigoda kwa miezi mitatu. Mgonjwa huzoezwa magongo kabla hajapasuliwa, maana akishapasuliwa maumivu hayampi nafasi ya kusikiliza. "Kazi ya daktari ni saa mbili," huwaambia, "yako ni miezi mitatu. Sasa tusidanganyane nani ana kazi kubwa." Daktari wetu bingwa ameyasikia maneno hayo mpaka ameyazoea.

Ukali wake mnaujua. Alimkuta mama mmoja ameingiza kigoda wodini kwa siri, kimefungwa ndani ya kanga, akakitaifisha mpaka siku ya kuruhusiwa. Hakimu mmoja mstaafu, aliyezoea kukaa mguu juu ya mguu, Mama Hatua alimfunga mto katikati ya magoti, na hakimu akalala nao wiki sita bila kukata rufaa. Watu zaidi ya elfu mbili wamejifunza kutembea upya mbele ya macho yake. Wengi wao wakikutana naye sokoni hunyoosha mgongo kwanza, ndipo wanamsalimu.

Haya, korido.

Korido yetu inaanzia upande wa kitanda namba tisa, inapita mbele ya meza yetu na kuishia kwenye ngazi ya mbao. Ngazi hiyo ni ya mazoezi. Ina vidato vinne vya kupanda na vinne vya kushuka upande wa pili, na haiendi popote. Saa nane mchana chakula kimeshaliwa, wageni hawajaruhusiwa, na wagonjwa wamelala. Hapo mtu huanza kutembea kwa magongo. Magongo mawili yanatua pamoja, mguu mgonjwa unafuata, kisha mguu mzima. Mpira wa gongo la kushoto unanata kidogo sakafuni. Anatoka upande wa namba tisa, anapita mezani, anaelekea kwenye ngazi. Ukichungulia, hakuna mtu.

Kila mfanyakazi mpya hutoka mbio kwenda kumrudisha mgonjwa kitandani, na kila mmoja hurudi taratibu. Mimi nilirudi nikakalia miwani ya muuguzi kiongozi. Mama Hatua hakuinua hata kichwa. Aliendelea kujaza fomu zake, na sauti ilipofika ngazini akasema kwa upole, "Mguu mzima kwanza, Mwalimu." Mbao zikalia mara nne. Akasema tena, "Sasa kushuka, mguu mgonjwa kwanza." Mbao zikalia mara nne nyingine, kisha kukawa kimya. Akaniuliza kama nimeshakula.

Alinisimulia mara moja tu, mwaka wangu wa tatu. Mwezi wake wa tano kazini alikuwa na mgonjwa kitanda namba tisa, mwalimu wa hesabu, mtu wa kazi ya leo kuimaliza leo. Ilikuwa siku ya nne baada ya upasuaji na sakafuni alikuwa anatembea vizuri. Zilibaki ngazi tu, na nyumbani kwake ilikuwa ni ghorofani. Siku hiyo, saa nane kasoro, Mama Hatua alikuwa na haraka ya kwenda kumchukua binti yake shuleni, akamwambia, "Ngazi kesho, Mwalimu." Mwalimu alingoja aondoke, akachukua magongo, akaenda mwenyewe. Alianza na mguu mgonjwa. Akaanguka, nyonga ikachomoka, akarudishwa chumba cha upasuaji, na siku ya sita damu iliyoganda mguuni ikapanda kifuani, akafariki. Uchunguzi haukumkuta Mama Hatua na kosa. Yeye mwenyewe alijikuta nalo.

Sauti ilianza wiki iliyofuata. Kwa siku kumi na moja wodi ilimsikia mtu akitembea mpaka ngazini, halafu akianguka. Siku ya kumi na mbili Mama Hatua alisimama pale akayasema maneno yale ambayo hakuwahi kuyasema kwa wakati wake, na mtu hakuanguka. Kuanzia hapo hakukosa. Jumapili na sikukuu alikuja kwa nusu saa, akasema maneno yake, akarudi nyumbani. Alikosa siku mbili tu, alipokwenda kumzika kaka yake. Siku zote mbili ngazi ilitikisika kwa kishindo, na mgonjwa wa kitanda namba nne akadai kuruhusiwa na nyonga yake ya zamani, akisema hiyo aliyonayo inamtosha. Wakubwa wamempa Mama Hatua cheti cha mahudhurio bora mara saba. Hakuna aliyewahi kumuuliza siri yake.

Mganga hajigangi. Miaka mitano iliyopita alianza kuchechemea, akasema ni viatu. Akabadilisha viatu, akasema ni sakafu. Picha ilipopigwa, mfupa ulikuwa unasaga mfupa nyongani. Daktari bingwa alimwambia mbele yetu kwamba asipopasuliwa mwaka huu atastaafu akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na kitamsindikiza maisha. Akakataa. Binti yake, yuleyule wa siku ile, sasa ni mama wa watoto wawili. Alikuja akakaa mezani kwetu akalia. "Mama anasema ana mgonjwa hawezi kumwacha," aliniambia. "Mgonjwa gani huyo asiyepona miaka yote?" Nilijua ni nani. Nikamwambia Mama Hatua kwamba nitamshikia zamu ya saa nane mpaka apone. Nilisema hivyo kwa sababu binti alikuwa analia. Ukweli ni kwamba kwa miaka kumi na tisa nilikuwa nimepanga kazi zangu ili kila saa nane inikute stoo, nikisikia kupitia mlango tu.

Akakubali. Alihudhuria darasa la Jumanne kama mgonjwa, mimi nikifundisha, akakaa mstari wa mbele, akanisahihisha mara tatu. Siku ya kulazwa kitanda kilichokuwa wazi kilikuwa kimoja, namba tisa. Yeye alicheka. Sisi hatukucheka.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Siku hiyo na siku ya pili, saa nane ilinikuta mezani nimeshika kingo za kiti. Nilisema maneno yale kwa sauti ya mtu anayeombwa pesa, lakini niliyasema, na Mwalimu akapanda na kushuka. Nikaanza kujiona hodari.

Siku ya tatu walikuja wakaguzi kutoka makao makuu, watatu, wenye mafaili. Saa nane ilitukuta katikati ya korido nikiwaonyesha mtungi wa kuzimia moto. Magongo yakaanza nyuma yetu. Mkaguzi mmoja, mtu mwenye adabu zake, alisogea ukutani kumpisha mgonjwa apite. Kisha akageuka na kuona kwamba hakuna wa kumpisha. Sauti ikapita baina yetu, mpira wa kushoto ukinata. Nilipaswa kusema. Niliona haya, na haya hiyo sitaisahau. Mtu mzima mwenye kitambulisho kifuani, niielekeze ngazi tupu mbele ya wageni? Nikaendelea kueleza tarehe ya mwisho ya matumizi ya mtungi. Mbao zikalia mara moja, vibaya. Kisha kishindo, na reli ya ngazi ikatetemeka.

Nilichosikia baada ya hapo ni ubavu wa kitanda ukishushwa namba tisa. Nilikimbia. Mama Hatua alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, bila magongo, siku ya tatu, ameshikilia meza ya chakula yenye magurudumu, na meza ilikuwa inamkimbia. Hakuniona. Alikuwa anaongea na korido. "Nakuja, Mwalimu. Usinyanyuke peke yako, nakuja." Nilimkumbatia kiunoni meza ilipoponyoka, na uzito wake wote ukaniangukia. Nikapaza sauti ambayo sikujua kama ninayo: "Mguu mzima kwanza, Mwalimu! Mzima kwanza!" Mbao hazikulia. Nilijua kwamba asipopanda yule, huyu hatakubali kukaa, na nyonga ya siku tatu haivumilii ubishi. Nikasema tena, safari hii kwa upole, kama nilivyomsikia yeye miaka yote. Mbao zikalia. Moja. Mbili. Tatu. Nne. "Kushuka, mguu mgonjwa kwanza." Zikalia tena, polepole, mpaka chini.

Ndipo alipokubali kukaa. Nilimlaza, nikampima miguu kwa macho na kwa mikono. Ilikuwa sawa kwa urefu, na wayo haukugeukia nje; nyonga ilikuwa mahali pake. Nilianza kulia. "Umechelewa," aliniambia. "Lia, lakini nipe mto wangu kwanza."

Ripoti ya wakaguzi imesema korido ni safi na mitungi ya moto inatosha. Imeshauri ngazi ya mbao ikazwe skrubu.

Tangu siku hiyo sijachelewa, na yeye amepona kwa masharti yaleyale aliyowatesea wengine. Wiki sita magongo mawili, kisha moja, kisha fimbo ya mkononi ambayo aliichukia. Bintiye anasema nyumbani walifichiana kigoda kama watu wenye ugomvi wa mirathi. Mwezi wa nne tangu apasuliwe alirudi kazini amalizie muda wake. Aliingia kwa mlango mkubwa akitembea kwa miguu yake miwili, na daktari bingwa akajifanya ana mafua.

Ijumaa iliyopita ilikuwa saa nane yake ya mwisho. Hatukupanga, lakini wodi nzima ilitoka, wauguzi, mfagiaji, hata wagonjwa walioweza kusimama. Alisimama kando ya ngazi, bila fimbo. Magongo yakatoka namba tisa, yakatupita mmoja mmoja. Yalipofika kwake hakutoa maelekezo. Alisema, "Mwalimu, siku ile nilikuwa na haraka. Nisamehe."

Magongo yalisimama. Nimefanya kazi hapa miaka kumi na tisa na sijawahi kuyasikia yakisimama. Baridi ilipita miguuni ingawa madirisha yalikuwa yamefungwa, na mgonjwa wa namba mbili akanishika mkono bila kujua ni mkono wa nani. Mama Hatua alikuwa analia wazi, hakujifuta. Alisema tena, kwa sauti ndogo, "Nilipaswa kukupandisha siku ileile." Kisha kidato cha kwanza kikalia, na magongo yakafuata mwisho, kama inavyotakiwa. Alipanda vinne, akashuka vinne, bila kuambiwa neno. Sijui kama hilo ni jibu. Yeye amelipokea kama jibu, na usiku huo, bintiye ananiambia, alilala mpaka jua likamkuta.

Kwa hiyo, Mama Hatua, sasa naongea na wewe. Uliposema hutaki saa ya ukutani wala begi la safari, kwamba zawadi unayoitaka ni mtu wa kuwa pale mchana, wengi waliangalia viatu vyao. Muuguzi kiongozi alichukua kalamu. Asubuhi yake tuliikuta kwenye ratiba ya zamu, baina ya dawa za saa nane na usafi wa madirisha: "Korido, mtu mmoja." Majina yamejazwa mpaka Desemba. La daktari bingwa limo.

Jumatatu ilikuwa zamu yangu. Mwalimu hakwenda moja kwa moja kwenye ngazi. Alisimama mezani, mbele ya kiti chako kitupu, akakaa hapo kitambo. Niliogopa, sitakuficha. Kisha nikamwambia kwamba umestaafu, kwamba nyonga yako imeshika vizuri, na kwamba umetoka hapa kwa miguu yako. Alingoja kidogo. Akaenda akapanda.

Ahsante kwa miaka yako, na kwa kila mguu uliousimamisha. Nenda kalee wajukuu, kaa kwenye kiti kirefu, utembee bila haraka. Mungu akupe afya na siku nyingi za raha. Saa nane tupo.