Mama Subira na Makaburi Mapya ya Lukolwe

Wasikilizaji wapendwa, mlio dukani, mlio shambani, na ninyi mliosimamisha pikipiki kando ya njia mkingoja mvua ipungue, salamu zenu. Mimi ni Sarah-Grâce, niko hapa Kasongo. Leo ninamkumbuka mwanamke mmoja wa kijiji cha Lukolwe, upande wa Wamaza, katika teritwari ya Kabambare.

Jina lake ni Subira Ayoubu. Alifariki mwezi wa tatu mwaka huu. Alikuwa na miaka hamsini na nane. Kwa miaka mingi alikuwa mwandishi wa komite ya kijiji. Amezikwa juu ya kilima, nyuma ya shule, na amezikwa peke yake. Hakuna kaburi lingine pale. Nilipofika nilisimama mbele ya ule udongo mwekundu, nikageuka huku na huku nikitafuta wenzake. Hawapo. Tangu nirudi Kasongo sijatulia. Nawaeleza ilivyokuwa.

Mama Subira alizaliwa hapa hapa mjini. Baba yake, mzee Ayoubu, alikuwa fundi cherehani karibu na soko. Subira alisoma mpaka mwaka wa tatu wa sekondari, na alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wa walimu wake. Alipofika miaka kumi na tisa aliolewa na Iliasi, mkulima wa Lukolwe. Wakaenda kwa baskeli, siku nne, yeye amekaa nyuma na sufuria zake mapajani. Wanakijiji wa Lukolwe wanasema siku ya tano, alfajiri, bibi harusi alikuwa tayari amezunguka kijiji kizima na kuuliza njia zote zinakwenda wapi.

Hakuwa mtu wa kukaa. Wakampa jina, Mama Hakai. Alikula amesimama. Alichambua sombe, majani ya muhogo, huku akitembea uani. Binti yake Aicha, ambaye sasa ana miaka thelathini, aliniambia, "Mama alikuwa anasema, kama nikikaa, ile kitu yenye ninatafuta itanipita." Nikamuuliza Aicha, kitu gani? Akacheka kidogo. "Hata yeye hakujua. Alikuwa anatafuta tu."

Kisha vita. Wasikilizaji wapendwa, hiyo hadithi mnaijua, sina haja ya kuirefusha. Lukolwe ilikimbia mara mbili. Mara ya pili watu walikaa porini miezi saba. Waliporudi, majani yalikuwa yameota ndani ya nyumba. Kila mmoja akajenga alipopata. Huyu akajenga juu ya njia ya zamani, yule akalima pale msikiti wa kwanza uliposimama. Ugomvi kila siku.

Hapo ndipo Mama Subira alipochukua kaye, yaani daftari, na kalamu. Alianza kutembea kijiji hatua kwa hatua. Aliuliza nani alikaa wapi zamani. Alifungua mifuko mitupu ya saruji, akaishona pamoja kama shuka, na juu yake akachora Lukolwe yote. Nyumba, njia, chemchemi, shule, mstari wa michikichi iliyopandwa na babu zao, na shimo walikochimba mawe ya chuma kabla Wazungu hawajafika. Ilikuwa plani ya kijiji, lakini ilikuwa pia kumbukumbu ya kijiji. Wazee walikuja kila siku kuitazama na kusahihisha.

Aliyemsaidia kuliko wote alikuwa shemeji yake, mzee Abedi, kaka mkubwa wa mumewe. Mzee Abedi alimpeleka makaburini akamtajia waliolala pale, mmoja baada ya mwingine, mpaka wale wa kwanza walioanzisha kijiji. Majina thelathini na moja. Mama Subira aliandika yote. Mzee Abedi aliniambia, "Mimi ndiye nilimushikia kamba akipima. Siku hizo tulikuwa tunapatana."

Sasa sikilizeni vizuri, maana mambo yanaanzia hapa. Alipomaliza kuchora makaburi, alichora chemchemi. Akaona. Makaburi yako juu, chemchemi iko chini yake, hatua sitini tu. Watu walikuwa wamepita pale maisha yao yote. Hakuna aliyewahi kuliona jambo hilo mpaka lilipokuwa juu ya karatasi. Na baada ya vita makaburi yalikuwa yameongezeka, yanashuka, yanashuka, kila mwaka karibu zaidi na maji.

Alikwenda kwa Mathilde, muuguzi wa kituo kidogo cha afya. Alimuuliza kwa nini watoto wa upande ule wanaharisha kila msimu wa mvua. Mathilde aliniambia ukweli wake bila kuongeza kitu. "Sina mashine ya kupima maji. Siwezi kuapa. Lakini niko na kitabu cha wagonjwa. Watoto wa chemchemi wanakuja wengi. Watoto wenye wanakunywa ya kule juu, mutoni Kamiswa, wanakuja wachache. Nilimuonyesha. Alisoma amesimama, halafu akatoka bila kuaga."

Ilikuwa miaka sita iliyopita. Mama Subira aliitisha mkutano. Hakuomba makaburi ya zamani yaguswe, hata moja. Aliomba tu kwamba kuanzia siku ile, wafu wapya wazikwe kwenye kilima nyuma ya shule. Mzee Abedi akasimama.

"Subira, unataka tutupe watu yetu porini?"

"Si porini, shemeji. Ni dakika kumi kwa miguu."

"Nani atalala huko wa kwanza? Mutu wa kwanza mu makaburi mapya anaogopa. Analala peke yake. Na mutu mwenye kuogopa anaita wengine."

"Na mutoto mwenye kunywa maji ya wafu, yeye anaita nani?"

Watu walipiga kelele. Wengine walisema amemtukana mkubwa wake. Mkutano ulichukua siku mbili. Mwishowe komite ilikubali. Imamu alikwenda kilimani kuomba dua, vijana wakafyeka, wakapanda miti ya mipaka. Makaburi mapya yakawa tayari.

Halafu hakuna aliyezikwa pale.

Miaka mitatu, wasikilizaji wapendwa. Walikufa watu kumi na mmoja. Wote kumi na mmoja walizikwa kwenye makaburi ya zamani, juu ya chemchemi. Kila familia ilisema, plani ni nzuri, lakini si kwa baba yangu. Si kwa mama yangu. Si kwa mtoto wangu. Kila mara Mama Subira alikwenda kwenye matanga, akapika, akafariji. Kila mara, maiti ilipotolewa, alisimama pale njia inapogawanyika, kushoto chemchemi, kulia kilima. Alitazama tu wanapinda kushoto.

Kisha mume wake akafa.

Iliasi aliugua tumbo siku nne. Walikuwa wanatafuta pikipiki ya kumpeleka Kabambare, na njia ilikuwa imekatika kwa mvua. Asubuhi ya siku ya tano alikata roho. Mzee Abedi aliingia ndani, macho mekundu, akamuuliza mbele ya watu wote, "Mama Aicha, ndugu yangu tunamupeleka wapi?"

Kijiji chote kilikuwa kinamngoja. Aicha alikuwa ameshika mkono wa mama yake.

Mama Subira akajibu, "Mupelekeni kwa baba yake."

Yaani makaburi ya zamani. Yeye mwenyewe, mwenye plani, akampeleka mumewe kushoto. Iliasi akawa wa kumi na mbili.

Watu wa Lukolwe ni watu wema, lakini ni watu. Kwenye mkutano uliofuata kijana mmoja, Dady, ambaye ni fundi wa matofali, alisema kwa sauti, "Kumbe plani iko kwa wafu ya wengine!" Wakacheka. Mama Subira hakuwepo kusikia, maana alikuwa ndani, kwenye eda. Lakini maneno hayahitaji mlango. Yalimfikia kabla jua halijazama.

Hebu fikirini. Mama Hakai, kukaa ndani miezi minne na siku kumi. Aicha anasema alitembea kutoka ukuta hadi ukuta mpaka sakafu ya udongo ikabonyea. Na katika msimu ule wa mvua, mjukuu wake Nuru, mtoto wa Aicha, akiwa na miaka minne, aliharisha kama watoto wengine wa chemchemi, mpaka macho yakazama. Mathilde alikaa naye kituoni siku tatu. Nuru alipona, ashukuriwe Mungu. Bibi yake hakuweza kutoka kumwona. Alisikia tu habari kupitia dirisha.

Siku eda ilipokwisha, hakwenda sokoni wala kwa jirani. Alikwenda moja kwa moja kwa mzee Abedi. Mzee mwenyewe ndiye aliyenisimulia.

"Alisema, shemeji, nilishindwa. Nilikuwa na kilima na sikuweza kumuacha Iliasi pale peke yake. Sasa ninajua kile niliomba kwa watu. Kwa hiyo sitaomba tena kwa mutu. Mimi mwenyewe, nikikufa, munipeleke kilimani. Mimi nitakuwa wa kwanza."

"Ukamjibu nini, mzee?"

"Nilimuuliza, utalala mbali na bwana yako? Akasema ndiyo. Nikamwambia, basi wewe si muke wa ndugu yangu. Nilisema vile. Kwa kinywa hiki."

Hawakuzungumza tena vizuri. Miaka miwili na nusu. Mama Subira aliandika wasia wake kwenye kaye, akamsomea imamu, akamsomea Aicha, akamsomea Mathilde. Kila asubuhi alibeba bidoni yake ya maji hadi mto Kamiswa, mwendo wa nusu saa, akipita mbele ya chemchemi bila kuinama. Wanawake wachache walianza kumfuata. Wengi hawakumfuata. Ni mbali, na mgongo ni mgongo.

Mwezi wa tatu mwaka huu, siku ya Jumatano, alianguka kwenye njia ya Kamiswa. Wanawake wawili waliokuwa naye walimbeba. Mathilde alifika mbio, lakini moyo ulikuwa umesimama. Ilikuwa kabla ya sala ya adhuhuri. Kwa desturi ya Waislamu alipaswa kuzikwa siku ile ile.

Na ubishi ukaanza, maiti ikiwa ndani ya nyumba.

Mzee Abedi alisema mtu akifa hana sauti tena, wenye sauti ni familia, na familia inamrudisha karibu na mumewe. Wazee wengine wa ukoo wakaitikia. Aicha akasimama mlangoni na ile kaye.

"Baba mukubwa, aliandika."

"Niko najua aliandika! Na nani atakaa naye kule? Nani?"

"Shamba langu iko nyuma ya kilima. Nitapita kila asubuhi."

"Asubuhi! Na siku yenye kubakia?"

Aicha alilia, lakini hakutoka mlangoni. Imamu akasema pande zote mbili ni ardhi ya Mungu, na wasia wa marehemu ukiwa hauna dhambi, hutimizwa. Mzee Abedi akasema, "Basi fanyeni. Mimi siendi." Akatoka akaenda kwake.

Ikawa watu wamesimama tu uani. Hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kushika jembe. Aliyelishika alikuwa Dady. Ndiyo, yule yule aliyewachekesha watu mkutanoni. Nilimuuliza kwa nini. Alikuna kichwa. "Sikuwa na la kusema, Mama wa redio. Nilikuwa na mikono tu."

Ardhi ya kilima ni ya mawe. Walichimba mpaka karibu na magharibi. Pale njia inapogawanyika, kwa mara ya kwanza Lukolwe ilipinda kulia.

Mimi nilifika siku ya arobaini, kwa hitima. Tangu maziko hayo watu wengine wawili walikuwa wamefariki Lukolwe. Wote wawili walizikwa juu ya chemchemi. Ndiyo sababu nawaambia sijatulia. Nilitaka kuwaletea hadithi iliyokwisha vizuri, na hii haijakwisha.

Kabla ya kuondoka nilikwenda kwa mzee Abedi. Ana miaka sabini na tisa. Nilimkuta anasuka kikapu, na aliendelea kusuka.

"Mzee, Mama Subira alikuwa na haki?"

"Hapana. Hata leo ninasema alikosea. Muke hamuachi bwana yake."

"Na wewe, siku yako ikifika, watakupeleka wapi?"

Mikono yake ilisimama. Alitazama upande wa shule.

"Juzi nilituma watoto wa ndugu zangu wafyeke majani kule."

"Majani ya kaburi lake?"

"Ya kilima chote," akasema. Akarudi kwenye kikapu chake.

Wasikilizaji wapendwa, Mama Subira Ayoubu amezikwa Lukolwe, kilimani nyuma ya shule. Alikuwa mwandishi wa komite, alikuwa mke wa Iliasi, alikuwa mama wa Aicha na bibi wa Nuru. Kwenu ninyi familia, kwako mzee Abedi, na kwa ukoo wa mzee Ayoubu hapa mjini, poleni sana. Sisi sote wa redio tunalia pamoja nanyi. Mungu amrehemu na amwangazie pale alipo.

Nanyi mnaonisikiliza, Wamaza, Salamabila, Kabambare, na hapa Kasongo, kila kijiji kina jambo ambalo kila mtu anajua ni jema, na hakuna anayetaka lianzie kwake. Ninyi mnalijua la kwenu. Lizungumzeni leo, mkiwa mmekaa salama, chakula kiko motoni, watoto wanacheza. Msingoje kulizungumza maiti ikiwa ndani ya nyumba.