Kiguu na Njia na Karatasi ya Mwisho

Wasikilizaji wapendwa, kaeni kidogo, ingawa tunayemkumbuka leo hakukaa. Mpiga picha wa mtaa wetu ametutoka. Mlimwita Kiguu na Njia, maana hakutulia. Chai aliinywa amesimama. "Hata usingizini alitembeza miguu," anasema mdogo wake wa kiume. "Shuka liliamkia sakafuni."

Na mtu huyu, jamani, akachagua kazi ya kungoja! Picha zake za buluu alizichapa kwa mkono. Ndani ya chumba cha giza alipaka karatasi dawa kwa brashi, akaiacha ikauke, akalaza negativu, ile filamu yenye picha iliyopinduka rangi, juu yake, akafunika kwa kioo, ndipo akaianika juani. Kisha akaiosha mpaka maji yaache kutoka manjano.

Kosa la wengi ni haraka. Unaona buluu imekolea, unaitoa, picha yote inaondoka na maji. Narudia: ukiiwahi, inaondoka na maji. Yeye alisema, "Ngoja mpaka uone umeiharibu." Ili asiiguse, alifunga mikono nyuma akaizunguka, huku akigombana na mawingu.

Asubuhi ya mazishi, nyumba nzima haikuwa na picha yake hata moja. Lini angekaa apigwe? Binti yake alipekua akapata negativu moja ya uso wa marehemu, na karatasi moja tu aliyoipaka dawa marehemu mwenyewe. Ya mwisho. Akazibana chini ya kioo, akazianika uani. Gari la jeneza linanguruma mlangoni, wingu hilo linakuja.

"Itoe, mwanangu, imeshaungua!" mjomba mtu akafoka.

"Bado, mjomba."

"Utampoteza mama yako mara mbili!"

Binti akafunga mikono nyuma, akaanza kuizunguka. "Nilimwona dada yangu," mjomba ananiambia. "Mwendo uleule. Nililia palepale."

Karatasi ikapauka, ikawa kijivu kibaya. Ndipo akaizamisha kwenye beseni. Manjano yakatoka, yakatoka tena. Buluu ikarudi. Uso ukabaki, wenye ukungu kidogo mdomoni, kwani hata siku ile ya kupigwa picha alikuwa anaongea.

Kwa binti, kwa mjomba, na kwa wote waliompenda: poleni sana, nasi tunaumia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, jiulize ni kitu gani unataka kukitoa juani mapema.

Picha ile ilitangulia jeneza ikiwa bado mbichi, ikidondosha maji njia nzima. Mwenyewe asingengoja ikauke.