Umeme Naujua Mimi

Kwenye kivuko cha Kamanga nilikaa nyuma ya Okeyo, fundi umeme aliyekuwa akimsimulia muuguzi mmoja, abiria mwenzake, habari za mama yake mwenye baridi yabisi. "Hospitali walitaka kumtibu kwa sindano nyembamba zinazopitishiwa umeme. Nikakataa. Nikawaambia umeme naujua mimi."

Umeme wa nyumbani anaujua, sibishi.

"Sasa vidole vimepinda, dada. Hata kikombe hashiki."

Muuguzi akashusha sauti. "Ule ni umeme kidogo sana, kaka. Kwa panya wa majaribio umeonekana kupunguza uvimbe, na mifupa haikuliwa sana na ugonjwa. Kwa binadamu bado hawana uhakika."

"Kwa hiyo labda ungemsaidia?"

"Labda."

Okeyo akatazama vidole vyake vilivyonyooka. "Bora ungesema hausaidii."

Kivuko kikagusa gati. Watu wote tukasimama, isipokuwa yeye.