Fundi Brashi Aliyeandika Mtaa Mzima

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wenzake mliofika kumsindikiza, haya ndiyo maisha ya mpendwa wetu kwa kifupi, ingawa kifupi chenyewe kimenyoosha miguu kidogo.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1978, saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa pili na wa kiume pekee kwa mama yake. Alikuja duniani ngumi ya kulia imefungwa. Mkunga akaivuta, haifunguki. Akaipaka mafuta, haifunguki. Siku ya tatu ilifunguka yenyewe, na mama yake anaapa mpaka leo kwamba ndani mlikuwa na kipande cha mkaa, na shuka lilikwisha kuchorwa jogoo. Dada yake mkubwa husema huo ni uongo. Dada yake siku hiyo alikuwa na miaka minne na alikuwa amelala, basi ajuaje? Baba yao, mchukuzi wa mizigo, alifariki mwaka 1983, na nyumba ikabaki na watoto wawili na mama asiyejua a wala be.

Alianza darasa la kwanza Januari 1986. Walikuwa watoto sabini na mmoja katika chumba kimoja, watano kwa benchi, na mwalimu akipita kati yao kama mtu anayevuka mto kwa miguu. Marehemu alikaa nyuma. Chochote kilichoandikwa ubaoni alikinakili sawasawa, na kama chaki ilikatika ikaacha nukta, na ile nukta aliitia. Mwalimu aliona daftari safi, akaweka alama ya vema. Jioni mama yake alizihesabu zile vema kwa kidole. "Umesoma, baba?" "Nimesoma, mama." Basi, yamekwisha. Hakumwambia hata siku moja, "Hebu nionyeshe." Alitoka nje kuwasimulia majirani kwamba mwanawe anaandika mpaka makarani wa serikali wanakuja kuchungulia dirishani. Mwezi Juni 1988, akiwa darasa la tatu, aliingia mwalimu mgeni akasema, "Leo hakuna kuandika. Leo kila mtu atasimama asome." Marehemu alinyoosha mkono, akaomba ruhusa ya kwenda msalani, akaenda, hakurudi. Alikuwa na miaka kumi, na shule yake iliishia hapo.

Mjomba wake alikuwa mchora mabango, akamchukua kushika ngazi na kuosha brashi kwa petroli. Kufikia mwaka 1995 alikuwa na kibanda chake cha mabati nyuma ya karakana ya seremala, na hapo ndipo jina la Fundi Brashi lilipomganda. Mteja alileta karatasi, naye alipiga kamba ya chaki ubaoni kunyoosha mstari, akapima kwa rula, kisha akaandika kwa mkono usiotetemeka. Duka la dawa ni yeye. Zahanati ni yeye. Geti la shule ya msingi, herufi za buluu zenye kivuli cheusi, ni yeye. Aliandika mtaa mzima na hakuweza kuusoma. Penye miti, wahenga walisema, hapana wajenzi.

Waliolijua hilo walikuwa wawili tu, mjomba wake, na mama yake aliyeambiwa na huyo mjomba. Wengine nusura walijue mwaka 2001, kinyozi alipompa karatasi yenye maandishi pande zote mbili. Kesho yake kinyozi alikuja mbio, wembe bado mkononi.

"Fundi, umeniandikia nini pale juu?"

"Si ulichonipa?"

"Nilikupa jina la kibanda! Umenigeuzia karatasi, umeandika orodha ya mke wangu ya sokoni! Sabuni mbili, chumvi, kiberiti, kwa rangi ya dhahabu! Watu watatu wamekwisha kuja kuniulizia chumvi!"

Marehemu aliangua kicheko mpaka akashika meza. "Nilikuwa nakutania, kaka. Nilitaka nione kama unasoma bango lako." Alilifuta bure, akaandika upande wa pili. Tangu siku hiyo akasifika kwa mizaha, na sifa hiyo ikamfaa kama koti la mvua, maana kila alipokosea watu walicheka. Mama yake naye alicheka, akaongeza kwamba wateja wa chumvi walikuwa mia mbili na polisi waliitwa.

Mke wake alimpata ukutani. Alikuwa mfuaji wa nguo katika hospitali, na marehemu alikuwa akiandika tangazo nje ya chumba cha kufulia. "Fundi, hayo umeandika nini?" akamwuliza, beseni kiunoni. "Nimeandika kwamba mfuaji wa hapa ni mzuri kupita kiasi." "Muongo wewe!" "Kama hujui kusoma, utabisha vipi?" Tangazo lilikuwa la kukataza watu kutema mate. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 12 Agosti 2006. Kwenye cheti bibi harusi aliweka kidole gumba, na bwana harusi akachora saini yenye mikunjo mingi hata msajili akaigeuza karatasi kuitazama vizuri. Mkewe alijaa fahari. Akasema mbele ya watu, "Mambo ya maji ni yangu. Mambo ya karatasi ni ya mume wangu msomi." Hapo ndipo mtu angesema ukweli. Marehemu alimtazama mama yake, mama yake akamkonyeza. Kwa miaka kumi na saba kila barua iliyoingia nyumba ile aliipokea, akaikunjua, akakunja uso, akabuni.

Walingoja mtoto karibu miaka minane. Tarehe 3 Februari 2014 alizaliwa binti yao wa pekee, mfupi na wa mviringo, wakamwita Kifungo. Januari 2021 akaingia darasa la kwanza, kwenye geti lile la baba yake. Wakati huo mashine za kuchapa mabango zilikwisha kumlia mkate marehemu, kwa hiyo alikuwa na nafasi, na nafasi yote alimpa mtoto. Alimchongea penseli kwa kisu. Alimwekea ubao wa kuandikia kibandani. Alikaa nyuma yake, akaufunika mkono wake mdogo kwa mkono wake, wakaandika pamoja. Hakuna baba mtaani aliyekaa na mtoto wake muda mrefu kuliko yeye. Lakini alimfundisha kile alichokijua yeye. Daftari za Kifungo zikawa safi kuliko zote shuleni, na mama mtu akazihesabu vema kwa kidole, kama bibi mtu alivyofanya zamani.

Machi 2023 mwalimu wa darasa la tatu alimwita marehemu. Mwalimu huyo alikuwa msichana mdogo, mikono ya blauzi imejaa chaki. Alifungua kitabu cha hadithi mbele ya Kifungo. "Mama, soma," akamwambia mtoto.

Kifungo alitazama picha ya mbuzi, akaanza bila kusita: palikuwa na mbuzi aliyeoa, akahamia juu ya paa, akawa anatoza ushuru wa mvua. Alisimulia vizuri sana. Mwalimu alimngoja amalize.

"Mzazi, ukurasa huu unasema juu ya kunawa mikono. Mtoto wako ana akili, na mdomo anao. Ila haandiki, anachora. Kosa ni letu pia, tuliangalia usafi tu. Hebu msomee wewe mstari wa kwanza, asikie."

Akampa kitabu. Kifungo akainua uso kumtazama baba yake.

Marehemu alikohoa. Alikohoa mpaka akatoka nje kutafuta maji. Mama yake alipoelezwa alidhani ni ujanja, na huenda siku hiyo ulikuwa ujanja kweli. Mwalimu alimfuata bombani.

"Shikamoo, baba. Nisamehe. Sikujua."

"Marahaba. Hukujua nini?"

"Baba, huhitaji kujua kusoma ili umsaidie. Kaa naye kama unavyokaa, lakini toa mkono wako. Mwambie akuonyeshe neno, akutamkie, akueleze. Akikwama mwache akwame kidogo. Mwulize leo ameelewa nini, siyo amepata vema ngapi. Na Jumamosi asubuhi nafundisha hapa, watoto na wazazi. Njooni wote wawili."

"Nitakuja," akasema marehemu.

Hakwenda. Ili aende ilibidi kwanza amwambie mkewe, na neno hilo kila Ijumaa aliliahirisha. Alikwenda kwa mama yake, na mama yake, ambaye siku zote ana jibu, alimwambia, "Nyamaza. Mkeo akijua, heshima imekwisha. Mtoto ni kama maharage, yataiva yenyewe." Huo ndio ushauri aliopewa. Aliyeutoa bado yu hai, na hana hadithi ya kuupamba.

Kikohozi hakikuondoka. Julai 2023 alikwenda hospitali, akapigwa picha ya kifua, akapewa kadi. Nesi alisema, "Tarehe ya kurudi imeandikwa." Nyumbani mkewe akauliza, "Imeandikwaje?" Marehemu akaikunjua, akakunja uso. "Wanasema ni vumbi la rangi tu. Ninywe maziwa." Kadi akaiweka mfuko wa shati, na kila alipobadili shati aliihamisha. Hakumwonyesha jirani wala seremala, kwa kuogopa kuulizwa kwa nini hasomi mwenyewe. Mficha maradhi kilio humwumbua. Novemba ikaja barua ya shule kwamba Kifungo arudie darasa la tatu, na hiyo nayo marehemu aliisoma kwa mtindo wake. Ilimpongeza mtoto.

Tarehe 17 Januari 2024 alianguka kutoka kwenye ngazi, damu kinywani. Hospitalini daktari aliitoa ile kadi mfukoni mwa mgonjwa, akaisoma kwa sauti: arudi tarehe 9 Agosti, bila kukosa, matibabu yaanze mara moja.

"Agosti hii iliyopita?" mkewe akauliza. "Mume wangu, si ulinisomea maziwa?"

Marehemu aligeukia ukuta. "Sijui kusoma, mama Kifungo. Sijapata kujua."

Mkewe alikaa chini, sakafuni. Akauliza, "Ile barua ya kazini, ya mwaka juzi, uliyosema wananisifu?"

"Sijui ilisema nini."

"Na ya shule?"

"Sijui."

Mwanamke huyu hakupiga kelele wala hakuondoka. Alimwosha uso, akarudi kazini kufua. Ila tangu siku hiyo hakumtania tena, na marehemu alisema hilo lilimuuma kuliko kifua.

Miezi minane iliyobaki aliitumia kitandani, akijaribu kufanya alichoambiwa bombani. Alificha mikono chini ya blanketi isije ikamshika mtoto penseli. Kifungo alisoma kisanduku cha dawa, silabi baada ya silabi, akikwama, na baba yake akingoja huku jasho likimtoka. Jumamosi alipelekwa shuleni na bibi yake, aliyekaa benchi la watoto, akacheka na wenzake wa miaka saba, na hakuambulia kitu, maana mti mkavu haukunjiki. Kufikia Agosti Kifungo aliweza mstari mmoja, kwa shida. Mwalimu alisema ni mwanzo mzuri, kama ingekuwa darasa la kwanza.

Katika siku hizo marehemu aliomba jambo moja lisemwe siku ya kuzikwa kwake, nalo linasemwa sasa. Wazazi, msihesabu vema. Mwambieni mtoto awaonyeshe, hata kama ninyi hamtaelewa, yeye atajua kama ameelewa. Nendeni shuleni kabla hamjaitwa. Na kama hujui, mwambie mwenzako leo hii, ukiwa bado mzima.

Alhamisi, tarehe 19 Septemba 2024, asubuhi, Kifungo alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda na kitabu magotini. Alikwama kwenye neno. Alingoja, kama alivyozoea, huku baba yake akimngoja. Alilitamka, akakosea, akarudia, akapata, akainua uso amwone. Marehemu alikuwa amekwisha kwenda. Hakuna ajuaye kama alilisikia lile neno. Mama wa marehemu angeweza kusema alilisikia na akatabasamu, na watu wangeamini. Hakuwepo. Alikuwa jikoni.

Tangu asubuhi ile Kifungo hajafungua kitabu. Mwalimu amekuja mara mbili, akaondoka.

Marehemu ameacha mama, dada, mke na mtoto mmoja. Wote wanne wako benchi la mbele na kila mmoja ameshika karatasi hii ya maisha yake. Wanaangalia picha tu. Alale salama fundi wetu, na mapumziko yake yawe ya amani.